Olimpiki nne za Tatiana Navka, na swali la mama wa Edmonton

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa Kitanzania, tunaishi Edmonton, Kanada. Binti yangu ana miaka 12, anateleza kwenye barafu tangu akiwa na sita. Kocha wake anasema miruko yake haitamfikisha mbali akicheza peke yake, ila ana mguu wa dansi, na ametuletea kijana wa miaka 14 anayetafuta mwenzi. Mwanangu amebandika ukutani picha ya Tatiana Navka wa Urusi, bingwa wa Olimpiki wa dansi ya barafuni. Nikasoma habari za huyo mama: leo mwenzi huyu, kesho yule, bendera hii kisha ile, mara kajifungua, mara karudi uwanjani. Baba yake anasema mchezo wa kuachanaachana namna hiyo si wa kumtia mtoto. Naomba unieleze: safari ya wachezaji hawa huwa ikoje hasa? Na Navka, aliwaacha wenzake au aliachwa?"

Marahaba, mama. Nitaanza na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalomkera baba mtoto: aliachwa, na aliachwa na mtu yuleyule aliyekuja kushinda naye dhahabu. Ukishaelewa hilo lilitokeaje, mengine yote uliyouliza yatafunguka.

Mimi nilianza kuufuatilia mchezo huu nikiwa mwanafunzi Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati makocha wakubwa wa Kisovieti walikuwa wakifunga mizigo kwenda Marekani. Nilichojifunza tangu siku zile ni kwamba mcheza dansi wa barafuni hana safari ya peke yake. Anayeruka peke yake akivunjika moyo, au akigombana na kocha, bado ana miguu yake na viatu vyake. Mcheza dansi asipokuwa na mwenzi si mchezaji hata kidogo. Hawezi kuandikishwa kwenye shindano lolote, hata awe na ustadi wa namna gani. Kwa hiyo kila uamuzi wa maisha yake, wa kuhama mji, wa kubadili pasi, wa kuzaa, wa kustaafu, huwa unavuta watu wawili, na mara nyingi mmoja ndiye anayeamua.

Navka alizaliwa mwaka 1975 Dnipropetrovsk, Ukraine ya Kisovieti. Mtoto wa kipaji wa mikoani wakati ule njia yake ilikuwa moja, kwenda Moscow kwa makocha wenye majina. Huko akapewa mwenzi, Samuel Gezalian. Zingatia neno "akapewa". Katika mfumo ule mtoto hakuchagua. Kocha alitazama urefu, umbo, namna magoti yanavyokunjika, na kama hatua za wawili zina urefu mmoja. Mvulana awe mrefu kidogo, msichana awe mwepesi, na makali ya vyuma vya viatu vyao yaume barafu kwa pembe moja. Hayo yakikubaliana, tabia zao zitajulikana mbele ya safari. Ndiyo maana ndoa hizi za barafuni huvunjika kwa wingi.

Mwishoni mwa 1991 Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na wanamichezo wakajikuta na swali ambalo wazazi wao hawakuwahi kuulizwa: wewe ni wa nchi gani? Urusi ilirithi foleni ndefu ya wacheza dansi. Kwenye Olimpiki ya Albertville, Februari 1992, timu ya zilizokuwa jamhuri za Kisovieti ilichukua dhahabu kwa Klimova na Ponomarenko, na shaba kwa Usova na Zhulin. Nyuma yao walikuwapo Grishuk na Platov, ambao baadaye walichukua dhahabu mbili mfululizo, 1994 na 1998. Nchi moja hupeleka wenzi watatu kwa wingi Olimpiki. Ukiwa wa nne nchini Urusi, hata kama duniani ungekuwa wa nane, unabaki nyumbani unatazama televisheni. Navka na Gezalian wakachezea Belarus. Sioni usaliti hapo. Yeye ni mtoto wa Ukraine aliyelelewa kimchezo Moscow. Bendera yoyote kati ya tatu ingemfaa, na ni moja tu iliyokuwa na nafasi.

Olimpiki ya Lillehammer, 1994: nafasi ya 11. Halafu wakaachana. Akapata mwenzi wa pili, Nikolai Morozov, bado chini ya bendera ya Belarus. Nagano, 1998: nafasi ya 16. Hebu jiweke mahali pake. Miaka minne ya kazi, kila siku asubuhi na jioni, na umerudi nyuma nafasi tano. Una miaka 22, na wasichana wa umri wako wameshaanza kupanda jukwaani. Wengi huacha hapo, na hakuna anayewalaumu.

Mwaka huohuo akaungana na Roman Kostomarov, kijana wa Moscow aliyezaliwa 1977, sasa chini ya bendera ya Urusi. Kocha wao, Natalia Linichuk, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa 1980 na alifundishia Delaware, Marekani. Walicheza msimu mmoja. Halafu ikaonekana kwamba Kostomarov anafaa zaidi na msichana mwingine, Anna Semenovich, na Navka akabaki hana mwenzi. Huko ndiko kuachwa ninakokusema, mama. Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar wanajua mwimbaji akihama bendi ni kilio, lakini bendi hupiga Jumamosi inayofuata. Huku hakuna Jumamosi inayofuata.

Yeye hakungoja mlangoni. Aliolewa na Alexander Zhulin, yuleyule wa shaba ya 1992 ambaye pia alichukua fedha 1994, na mwaka 2000 akamzaa binti yao. Wakati huohuo Kostomarov na Semenovich mambo hayakuwaendea. Kostomarov akarudi kuomba waungane tena. Navka akakubali, na hakukaa muda mrefu baada ya kujifungua kabla ya kufunga tena viatu. Kocha safari hii akawa Zhulin, mume wake, huko New Jersey.

Ninapousoma mwendo wake wote, pale ndipo alipoishinda dhahabu, ingawa ilikuja miaka sita baadaye. Angeweza kukataa kwa heshima yake, na nani angemlaumu? Lakini alijua jambo ambalo majaji hawakulijua bado: kwamba miguu yao wawili inasema lugha moja. Katika mchezo huu mwenzi anayekufaa hupatikana mara moja, na wengine hawampati kabisa.

Salt Lake City, 2002: nafasi ya 10. Ukipanga, Olimpiki zake tatu ni 11, 16, 10. Hakuna mtabiri ambaye angeandika moja baada ya hapo. Kilichofuata kinahitaji nikueleze foleni ya dansi, maana bila hiyo ushindi wake utaonekana kama muujiza.

Zamani wenzi walicheza sehemu tatu. Kwanza dansi za lazima, ambapo kila jozi inacheza hatua zilezile kwa mdundo uleule. Halafu dansi ya mdundo uliopangwa kwa msimu. Mwisho dansi huru. Majaji walitoa alama hadi 6.0 na kuwapanga wachezaji kwa nafasi. Ilikuwa kawaida kabisa kwamba nafasi uliyopata siku ya kwanza ndiyo utakayomaliza nayo siku ya mwisho. Mtu alipanda ngazi wale wa juu yake walipostaafu. Baada ya 2002 wakastaafu wengi: Anissina na Peizerat wa Ufaransa waliotwaa dhahabu, kisha mwaka uliofuata Lobacheva na Averbukh wa Urusi, na Bourne na Kraatz wa Kanada. Njia ikafunguka ghafla. Navka na Kostomarov, waliokuwa wamekaa pamoja wakati wengine wakihangaika, wakapita: mabingwa wa Ulaya na wa dunia 2004, mashindano ya dunia yakiwa Dortmund, Ujerumani, tena 2005, ya dunia yakiwa Moscow kwao.

Wapo wanaosema basi walibahatika tu, wazee waliondoka. Siafiki, na nina sababu. Baada ya kashfa ya upangaji wa kura Salt Lake City, mfumo wa 6.0 ulitupwa na ukaja wa kuhesabu pointi, ambapo kila mzunguko na kila kunyanyuana kuna thamani yake. Mashindano ya dunia ya 2005 ndiyo yalikuwa ya kwanza kutumia mfumo mpya. Wengi waliozoea kulindwa na jina lao walianguka. Hawa wawili walishinda 2004 kwa mfumo wa zamani na 2005 kwa mfumo mpya. Mtu wa bahati tupu hawezi kushinda kwa mizani mbili tofauti.

Kisha Turin, Februari 2006, dansi huru kwa muziki wa Carmen. Pointi 200.64, dhidi ya 196.06 za Wamarekani Belbin na Agosto. Navka alikuwa na miaka 30 na binti wa miaka mitano. Nafasi ya kwanza, kwenye Olimpiki yake ya nne. Tanith Belbin naye, kwa taarifa yako, ni mzaliwa wa Kanada. Uraia wa Marekani aliupata wiki chache tu kabla ya michezo ile. Sheria ndiyo inayoleta mbio hizi: kwenye mashindano ya dunia inatosha mmoja wa wenzi awe raia wa nchi wanayochezea, ila Olimpiki inataka wote wawili. Hilo likumbuke, maana kama kijana wenu si raia wa Kanada, au ninyi bado, ni jambo la kuulizwa mapema na si mtoto akiwa na miaka 19.

Usidhani Navka ni kisa cha peke yake. Nikipewa nafasi ya kumsimulia binti yako hadithi moja tu ya mchezo huu, ningemsimulia ya Marina Anissina. Alizaliwa Moscow, na akiwa na Ilia Averbukh walikuwa mabingwa wa dunia wa vijana mara mbili, 1990 na 1992. Averbukh akamwacha, akaenda kucheza na Irina Lobacheva. Anissina akawa msichana wa Kirusi mwenye medali mbili na hana mtu wa kumshika mkono. Akamwandikia kijana wa Kifaransa aliyewahi kumwona mashindanoni, Gwendal Peizerat, akahamia Lyon, akajifunza lugha, akapata uraia wa Ufaransa mwaka 1994. Miaka minane baadaye, Salt Lake City, dhahabu ilikwenda kwa Anissina na Peizerat. Fedha ilikwenda kwa Lobacheva na Averbukh. Walisimama jukwaa moja, mwachaji ngazi ya chini na mwachwaji ngazi ya juu. Nimeitazama sherehe ile mara nyingi na bado inanigusa.

Lakini usije ukafikiri anayeacha huadhibiwa daima. Nikita Katsalapov alipata shaba Sochi 2014 akiwa na Elena Ilinykh, na mara baada ya michezo akaondoka kwenda kwa Victoria Sinitsina. Mashabiki wengi walimkasirikia. Misimu ya kwanza ilikuwa migumu, wakabadili makocha, wakavuka bahari na kurudi. Mwishowe wakatulia Moscow kwa Zhulin, yuleyule wa Navka. Mwaka 2020, Graz, wakawashinda Papadakis na Cizeron wa Ufaransa kwa pointi 0.14, taji la Ulaya. 2021 wakawa mabingwa wa dunia Stockholm, na 2022 wakachukua fedha ya Beijing. Miaka saba ilipita toka siku aliyoondoka hadi taji la dunia. Na hata Lyudmila Pakhomova, mama wa dansi ya Kisovieti, alikuwa tayari na mwenzi mwenye jina, Viktor Ryzhkin, alipohamia mwaka 1966 kwa Aleksandr Gorshkov ambaye hakuwa na jina lolote. Hao wawili walikuja kuwa mabingwa wa dunia mara sita, na ndio walioshinda dhahabu ya kwanza kabisa ya dansi ya barafuni, Innsbruck 1976.

Kwa hiyo baba mtoto hajakosea: kuachana kupo, na kunauma. Ninachotofautiana naye ni kuuita mchezo wa kuachana. Kwa nilivyouona, ni mchezo wa kutafutana, na kuachana kunatokea kwa sababu kumpata mtu sahihi ni kugumu.

Umeuliza pia wanaishije. Enzi za Kisovieti shule ya michezo ilikuwa bure, na bingwa alipewa posho na makazi na dola. Baada ya 1991 fedha zilikauka, ndiyo maana Navka na Kostomarov, mabingwa wa Urusi, walijengwa Delaware na New Jersey. Tuzo za mashindano hazitajirishi mtu, na hugawanywa kwa wawili. Kipato kinakuja baadaye, katika maonyesho, na Urusi ni moja ya nchi ambako maonyesho ya barafuni yamekuwa kipindi cha televisheni cha taifa zima. Ilia Averbukh, aliyeshindwa na Anissina, ndiye aliyeyajenga tangu 2006, akiwaoanisha mabingwa na waigizaji na waimbaji. Navka alijulikana kwa Warusi wengi zaidi kupitia televisheni kuliko kupitia Turin, na akaja kuwa na maonyesho yake mwenyewe.

Wengine huwa makocha. Morozov, mwenzi wa nafasi ya 16, ndiye aliyekuwa kocha wa Shizuka Arakawa wa Japani alipochukua dhahabu ya wanawake. Wapi? Turin 2006, michezo ileile aliyoshinda Navka. Na miaka minane baadaye alikuwa kocha wa Katsalapov na Ilinykh, Sochi. Wawili walioshindwa pamoja Nagano, kila mmoja akafika juu kwa njia yake.

Kwa kuwa picha yake iko ukutani kwenu, ni haki ujue yaliyofuata. Waliachana na Zhulin, na 2015 Navka akaolewa na Dmitry Peskov, msemaji wa Rais wa Urusi. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi aliyozaliwa, Marekani ilimwekea vikwazo. Machi mwaka huohuo shirikisho la kimataifa likawafungia wachezaji wa Urusi na Belarus, na kizazi kizima cha vijana kikabaki kushindana nyumbani kwao, misimu ikipita. Mchezaji wa miaka 19 hana misimu ya kupoteza. Kostomarov yeye alipatwa na pigo la aina nyingine: Januari 2023 alilazwa kwa nimonia kali, na madaktari wakalazimika kumkata sehemu za miguu na mikono ili aishi. Baadaye akarudi juu ya barafu kwa miguu bandia, pembeni akiwa na mke wake, Oksana Domnina, ambaye naye alikuwa bingwa wa dunia wa dansi mwaka 2009.

Sasa kijana wenu wa miaka 14. Kocha atakuonyesha urefu na hatua, na hapo mwamini. Msikilize pia anaposema dansi si kimbilio la walioshindwa kuruka. Hapa mwanamume haruhusiwi kumshikilia mwenzake juu ya kichwa kwa mikono iliyonyooka anapomnyanyua, na miruko mikubwa haimo, kwa hiyo kila kitu kinabaki miguuni: goti, makali ya chuma, kukaribiana. Hata chuma chenyewe kimekatwa kifupi nyuma ya kisigino ili wasikanyagane. Mtoto mwenye mguu wa dansi ana kitu ambacho mrukaji hodari anaweza asikipate maisha yake yote.

Wewe mzazi tazama yale ambayo kocha hana muda nayo. Wape miezi mitatu ya majaribio kabla ya kuandikiana chochote. Kubalianeni na wazazi wa kijana kwa maandishi nani analipa barafu, kocha, nguo na safari, na itakuwaje mmoja akiumia. Ulizeni nani atahama mji ikibidi. Mara nyingi anayehama ni msichana, kwa sababu wavulana ni wachache na kila mmoja ana wasichana kadhaa wanaomsubiri. Hilo si haki, lakini ndilo soko, na ni vizuri binti alijue tangu sasa. Na shule isisimame.

Halafu nenda ukakae kwenye viti siku wanapofanya mazoezi, usiseme neno, usubiri waanguke. Wataanguka. Turin 2006, kabla ya dhahabu ya Navka, waliokuwa wanaongoza baada ya dansi za lazima ni Waitaliano, Barbara Fusar-Poli na Maurizio Margaglio, nyumbani kwao. Katika dansi ya pili walianguka mwishoni kabisa. Muziki ukakatika, na yule mwanamke akasimama katikati ya barafu akimkazia macho mwenzake, hasogei, hasemi, ukumbi mzima unatazama. Walikuwa wamecheza pamoja zaidi ya miaka kumi. Mwonyeshe binti yako kipande hicho. Kisha mwangalie yeye na huyo kijana wanavyoinuka siku yao ikifika, na kama mmoja anampa mwenzake mkono kabla ya kujifuta theluji magotini, unipigie hodi tena tuzungumze habari za nguo na muziki.